Chakula tulikiacha mezani, neno tukarudi nalo Kisesa

 Ndugu msomaji, tunaomba radhi kwa kuleta katika ukurasa huu wa familia habari ya mlo mmoja uliotuharibikia. Huenda ukaona kuwa ni jambo dogo. Nasi tuliliona dogo kwa siku mbili tatu, kisha likatukosesha usingizi.

Mwanzo wake ulikuwa wa kheri. Binti yetu mkubwa, mwenye umri wa miaka 11, alihitimu kusoma msahafu mzima katika madrasa ya msikiti wetu hapa Kisesa. Tulikuwa tumemuahidi tangu alipokuwa katika juzuu za mwanzo kwamba siku atakapohitimu atachagua zawadi yake mwenyewe. Tulitarajia ataomba baibui jipya, au viatu. Yeye akasema anataka sote tukale chakula cha Kithai mjini Mwanza, kwa kuwa amewahi kukiona katika televisheni ya jirani, na amesikia kwamba huko kuna mchuzi uliopewa jina la Waislamu.

Hilo la mchuzi lilitushangaza, tukalifuatilia. Tukakuta ni kweli kuna mchuzi wa Thailand uitwao massaman, na kwamba wengi wa wanaofuatilia historia ya mapishi wanalinasibisha jina hilo na neno la zamani la Musulman, yaani Muislamu. Viungo vyake ni iliki, mdalasini, karafuu na bizari nyembamba, pamoja na tui la nazi, viazi, karanga na ukwaju. Msomaji wa Tanga au Unguja akiisoma orodha hiyo atadhani tunamtajia jiko la nyanya yake. Tukasoma pia kwamba Uislamu katika nchi hiyo si wa jana. Mikoa ya kusini kabisa, Pattani, Yala na Narathiwat, wakazi wake walio wengi ni Waislamu. Aidha, mwanzoni mwa karne ya 17 mfanyabiashara Sheikh Ahmad, mwenyeji wa Qom katika Uajemi, alifika Ayutthaya, mji mkuu wa wakati ule, akawa mtu wa mfalme na kiongozi wa Waislamu wa nchi hiyo. Tulimsimulia binti yetu hayo yote, naye akayasimulia madrasa nzima. Kwa hiyo tulipokwenda mjini hatukwenda na njaa ya tumbo peke yake.

Tulikuwa watu sita: sisi tunaoandika makala haya, mama wa watoto, watoto watatu, na mama yetu mzazi. Huyu wa mwisho tuna haja ya kumueleza kidogo. Amefanya biashara ya dagaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni kwa makopo ya dagaa, na si kwa kingine, kwamba tulisomeshwa hadi tukamaliza chuo cha Kiislamu na leo tukaaminiwa ukatibu wa kamati ya msikiti. Katika umri wake wote hakuwahi kuketi katika mgahawa akahudumiwa. Tulipomwambia aandamane nasi alikataa mara mbili, na mara ya tatu akakubali kwa sharti kwamba avae kanga zake za Idi.

Tulijiandaa kama anavyopaswa kujiandaa Muislamu. Tulipiga simu kabla, tukauliza kama mahali hapo panauzwa pombe, tukaambiwa hapauzwi. Tukauliza kuhusu nyama, tukaambiwa mchinjaji ni Muislamu. Tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo kwa miezi minne, ikafika shilingi 160,000. Jumamosi baada ya swala ya Alasiri tukapanda daladala, tukapita Igoma, Nyakato na Buzuruga, tukashuka mjini, na saa kumi na moja jioni tulikuwa tumekwisha kuketi mezani, upepo wa ziwa ukitupepea. Mama yetu alikuwa akikigusagusa kitambaa cha meza kwa ncha za vidole kama mtu anayepima khanga dukani.

Aliyetuhudumia alikuwa binti mdogo, hakuzidi miaka ishirini. Tulimuuliza kama katika sosi za jikoni kuna mvinyo au kitu chochote cha nguruwe, kwa kuwa mapishi mengi ya Asia ya Mashariki huvitumia. Hakujua. Alikwenda jikoni, akakaa sana, akarudi na kusema mpishi anasema hakuna. Tukaagiza massaman ya kuku, samaki mzima wa kukaanga kwa sosi ya pilipili, tambi za mchele na wali.

Ikapita nusu saa. Ikapita saa nzima. Mtoto wetu wa mwisho alilala juu ya mapaja ya bibi yake. Wa katikati aliuliza mara nane kama chakula kinatoka Thailand kwa miguu. Meza zilizokuja baada yetu zilihudumiwa kabla yetu. Kila tulipomuita yule binti alijibu kwa sauti ndogo, "Kinakuja, ustadhi," akaondoka upesi. Chakula kilipofika ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, na Maghribi ilikuwa inakaribia.

Sasa tukieleze chakula chenyewe, kwa uadilifu. Wali ulikuwa umepoa na kushikana. Tuliwaambia watoto kwamba mchele wa Thailand wenye harufu ya yasmini una tabia ya kushikana, lakini mtu aliyelelewa kwa mchele wa Magu anatambua tofauti ya wali wenye tabia ya kushikana na wali uliolala. Tambi zilikuwa na harufu iliyomfanya mama yetu asogeze uso nyuma. Aliinusa tena, akasema kwa utulivu, "Hawa ni dagaa walionyeshewa." Wasomaji wa pwani ya ziwa wanaelewa uzito wa neno hilo. Dagaa wakinyeshewa wakiwa wameanikwa mchangani, kazi ya usiku kucha hugeuka chakula cha kuku. Ukweli ni kwamba mama yetu hakukosea sana. Wathai wana maji ya samaki waitayo nam pla, yanayotengenezwa kwa kuwalaza samaki wadogo wa baharini ndani ya chumvi kwa mwaka mmoja au zaidi, na hayo ndiyo chumvi ya mapishi yao. Yakitiwa kwa kiasi huleta ladha. Mpishi wa siku ile hakuwa na habari ya kiasi.

Samaki alikuwa mkavu kama gome. Juu ya hayo alikuwa sato, yule yule wa kwetu, ambaye tungempata Kisesa kwa bei ndogo. Hapa tukajifunza baadaye jambo ambalo lingetuchekesha kama tungelijua mapema. Sato huyu, ambaye wataalamu humuita Oreochromis niloticus, si mzaliwa wa Ziwa Victoria. Aliletwa ziwani humu katika miaka ya 1950. Na huko Thailand nako ni mgeni: mwaka 1965 Akihito, wakati huo akiwa mrithi wa ufalme wa Japan, alimtumia mfalme wa Thailand samaki 50 wa aina hiyo, wakafugwa katika bwawa la ikulu ya Bangkok, na leo ni samaki wa kila siku wa nchi ile. Tulikwenda kula cha ugenini, tukaletewa mgeni mwenzetu.

Ilibaki massaman, ambayo ndiyo iliyotutoa Kisesa. Mchuzi ulikuwa mtamu kama uji wa mgonjwa. Hakukuwa na harufu ya iliki wala ya karafuu. Binti yetu alichota kijiko cha kwanza, akanyamaza, akachota cha pili. Tulipompasulia paja la kuku tukaona nyama ya ndani bado ni ya waridi, na damu imekaa kwenye mfupa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo penye makala haya. Yaliyotangulia ni dibaji tu.

Tulikuwa na haki ya kulalamika. Kuku mbichi si suala la kupenda au kutopenda. Ni madhara, na mnunuzi ana haki ya kurudisha kitu chenye kasoro. Lakini haki ina mlango wake, na sisi hatukupita mlangoni. Tulisimama. Tulikuwa na kanzu na kofia, na kila aliyekuwa pale alitutambua kuwa ni watu wa dini. Tukamuita yule binti kwa sauti iliyogeuza vichwa vya meza zote. Tukamuuliza kama kwao hawali kuku wa kuiva. Tukamuuliza nani alimpa kazi wakati hajui hata kinachotiwa katika sosi anayoibeba. Tulisema na mengine ambayo hatutayaandika katika gazeti linalosomwa na watoto. Yeye alishika sahani kwa mikono miwili, mikono ikimtetemeka, akasema, "Nisamehe, ustadhi. Hii ni wiki yangu ya pili." Hatukumjibu. Tulimtaka meneja.

Meneja alikuja, akatazama kuku, akatazama kanzu yetu, akaomba radhi kwa maneno yaliyokaririwa. Aliondoa bei ya massaman. Nyingine tulilipa, shilingi 118,000. Kisha akamgeukia yule binti na kumwambia mbele yetu, "Wewe nitaongea nawe baadaye." Tulilisikia neno hilo. Tulikuwa na nafasi ya kusema kwamba kosa la kuku ni la jikoni, si la aliyembeba. Hatukusema. Ilitupendeza, Allah atusamehe, kuona kwamba malalamiko yetu yamefanya kazi.

Tuliswali Maghribi katika msikiti wa jirani, kisha tukapanda gari la kurudi. Watoto wawili walilala. Binti yetu hakulala, alikuwa akilia kwa siri, uso ameuelekeza dirishani. Mama wa watoto alipomuuliza akasema, "Mimi ndiye niliyechagua." Mama yetu alikuwa kimya tangu tulipoondoka mezani. Tulipopita Igoma ndipo aliposema, bila kutugeukia, "Mwanangu, mimi nimeuza dagaa miaka yote hii. Wapo walionimwagia dagaa wangu chini, wakaniita mchafu, na wengine walikuwa na kofia kama yako. Nilikuwa nikirudi nyumbani nawapikieni, nanyi hamkujua."

Hakuongeza neno. Tulipofika nyumbani akawasha jiko la mkaa, akasonga ugali, akaunga dagaa kwa karanga. Binti yetu alikula akashiba. Sisi tulisema tumeshiba.

Kwa siku chache tulijitetea nafsini mwetu. Tulisema: mteja ana haki, fedha ilikuwa ya miezi minne, mzee wetu alidhalilishwa kwa chakula kile. Lakini tulifundishwa chuoni mambo ambayo hayakutuacha tujitetee kwa raha. Katika hadithi ya Abu Hurayra (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, tunaelezwa kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia chakula aibu hata mara moja: alipokitamani alikula, na alipokuwa hakitaki alikiacha. Na ipo habari ya Khalid bin Walid (R.A.), pale ilipoletwa nyama ya kenge wa jangwani aliyechomwa. Mtume (S.A.W.) aliuondoa mkono wake. Alipoulizwa kama ni haramu akaeleza kwamba si haramu, ila mnyama huyo hakuwa katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimpendi. Khalid akaivuta kwake akaila, na Mtume akimtazama.

Tumeifundisha hadithi hiyo madrasa zaidi ya mara moja, katika mlango wa vyakula vya halali na haramu. Hatukuwahi kuifundisha kama adabu ya mgahawani. Mtu anaweza kukikataa chakula cha ugeni bila kumtweza aliyekileta. Anaweza kusema, hiki hakikuiva, tafadhali kirudisheni, kwa sauti ile ile anayotumia kuomba maji. Kuku angerudi jikoni vile vile. Bei ingepunguzwa vile vile.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa Kanda ya Ziwa hasa. Mwanzoni mwa mwaka 2013 kanda yetu, hususan Geita na Mwanza, ilipita katika mgogoro mchungu juu ya nani achinje, na damu ikamwagika. Tangu hapo, Muislamu anapouliza mezani kama chakula ni halali, anayeulizwa husikia zaidi ya swali. Tuna wajibu wa kuuliza, na hatutauacha. Lakini mtu aliyevaa kanzu akiuliza kuhusu halali kwa upole, kisha saa moja baadaye akamtukana mtumishi kwa sauti, atakayekumbukwa ni yupi kati ya hao wawili? Yule binti hatujui dini yake, wala hatukumuuliza. Kama si Muislamu, basi somo la Uislamu alilolipata jioni ile alilipata kwetu.

Na lililotuondolea usingizi kabisa ni hadithi ya muflisi, iliyopokewa na Muslim: mtu atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka zake, lakini amemtukana huyu na kumdhulumu yule, wakalipwa kutoka katika mema yake hadi yakamalizika. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake tunaiombea maghufira usiku, katika chumba kilichofungwa. Haki ya mja mwenzio huna budi kuifuata ilipo.

Kwa hiyo Jumanne ya wiki iliyofuata tuliifuata. Tulikwenda peke yetu, tukiwa na kanzu ile ile, kwa sababu tulitaka atutambue. Tulikuwa tumeyaandaa maneno ndani ya daladala. Mlangoni alitupokea kijana mwingine. Tukamueleza tunayemtafuta. Akasema, "Hayupo tena hapa, mzee." Tukauliza kama aliondoka mwenyewe au aliondolewa. Akatazama kuelekea kwa meneja, akasema hajui. Tukauliza anapoishi. Hajui. Jina lake tu ndilo alilotuambia, nasi hadi dakika ile tulikuwa hatulijui.

Hatutataja jina la mgahawa ule. Wapo waliotushauri tuutaje ili Waislamu wajihadhari, na tumelitafakari hilo. Lakini tulikuwa pale jioni moja tu; huenda mpishi alikuwa mgonjwa, huenda sasa wamejirekebisha. Anayetuuliza ana kwa ana kwa sababu anataka kwenda tutamnasihi. Kulianika gazetini ni jambo jingine, na ulimi wetu umekwisha kuharibu vya kutosha mahali pale.

Kwa familia zinazosoma ukurasa huu tunausia machache. Ulizeni habari ya halali na ya viungo kabla ya kwenda, na mkifika muulizeni mpishi mwenyewe, msimbebeshe mtumishi swali lisilo lake. Msiwapeleke wazee na watoto saa iliyokaribiana na swala. Chakula kikiwa na kasoro, anayelalamika na ainuke amfuate msimamizi pembeni, amueleze kwa utaratibu, na amtetee aliyekileta kama hana kosa. Na kilichobaki kikiwa salama, kifungasheni. Mama yetu alifunga wali wote uliobaki siku ile, nasi kwa hasira zetu tuliona anatutia aibu.

Mwezi uliopita mama wa watoto alipika massaman hapa nyumbani. Nazi alizinunua sokoni Mwanza, zilizosafiri kutoka pwani. Karanga zilikuwa za hapa hapa. Iliki, mdalasini na karafuu alivikaanga mpaka nyumba nzima ikanukia. Mama yetu aliuonja, akatangaza kwamba huo ni mchuzi wa kuku wa watu wa pwani uliotiwa karanga za Wasukuma, na akaomba uongezwe. Binti yetu alifurahi. Baada ya kunawa mikono alituuliza, kama anavyotuuliza kila tunaporudi mjini, "Baba, mmempata yule dada?"

Bado hatujampata. Kila tunapokwenda Mwanza tunatazama nyuso za wanaohudumu katika migahawa na vibanda vya chakula, kuanzia Mabatini hadi mjini. Jina lake tunalitaja katika sijida zetu. Kama yumo miongoni mwa wanaosoma gazeti hili, au wapo ndugu zake, na akaikumbuka jioni ile ya kuku mbichi na mtu wa kanzu, basi ajue kwamba kosa halikuwa lake, nasi tunamuomba radhi mbele ya watu kama tulivyomvunjia heshima mbele ya watu.